Barua kwa Mchungaji Mstaafu: Cherehani haimo vilindini mwa bahari

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, toba. Nadhani ni kwa sababu ya mikutano ya injili iliyofuatana huku kwetu Kagera tangu kiangazi kianze. Watu wameitika mbele, wameombewa, wamerudi nyumbani, na nyumbani ndiko maswali yanakoanzia. Nimechukua tano. Majina nimeyaficha, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili mtu asitambulike kijijini kwake.

*Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni katibu wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana fedha, chenye wanachama 25. Wanachama wasiofika kikaoni hunitumia marejesho ya mikopo kwa simu, nami huyaingiza daftarini. Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa naandika pungufu na tofauti nabaki nayo. Jumla yake ni kama shilingi 1,400,000. Shetani alinipitia, hali ilikuwa ngumu na mtoto alikuwa anaingia kidato cha tano. Mwezi wa nane nilihudhuria mkutano wa injili, nikaitika, nikaongozwa sala ya toba, nikalia mpaka nguvu zikaniishia nikaanguka chini. Niliamka mtu mwingine. Pombe nimeacha, sigara nimeacha, hata mke wangu ni shahidi. Lakini usingizi sina. Nilipomweleza mchungaji wangu, aliniambia nisifukue kaburi, kwa kuwa Mungu amezitupa dhambi zangu vilindini mwa bahari, na kwamba nikiwaambia wanakikundi nitaliaibisha jina la Yesu. Kuna mama mmoja mjane daftari lilionyesha ana deni, akadai amelipa lakini ujumbe wa simu ulikuwa umefutika, kwa hiyo cherehani aliyoweka dhamana ikauzwa, ila hiyo ni katiba ya kikundi. Swali langu: je, nimetubu kweli? Na kama nimetubu, mbona sina amani? — Katibu, Muleba*

Asifiwe, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kabla ya kukujibu naomba nikuonyeshe jinsi ulivyoiandika. Machozi yako umeyapa nusu ukurasa. Ulivyoanguka, ulivyoamka, sigara na pombe ulivyoziacha, nimeyaona yote kama vile nilikuwepo uwanjani. Mama wa cherehani amepata sentensi moja mwishoni, nayo ukaifunga kwa "ila hiyo ni katiba ya kikundi". Usingizi wako umepotelea katika sentensi hiyo.

Tuanze na Shetani aliyekupitia. Mtu akikasirika ghafla akampiga mwenzake kofi, anaweza kusema Shetani alimpitia, nami nitamsikiliza. Lakini wako alipita kila wiki kwa miaka miwili, siku ya kikao, akakusubiri ufungue daftari, akakusaidia kutoa na kujumlisha. Huyo hakupita, ndugu. Alikuwa mjumbe.

Biblia inatupa wafalme wawili waliosema karibu maneno yale yale. Sauli aliagizwa na Bwana awaangamize Waamaleki pamoja na mifugo yao yote, akaacha hai kondoo walionona, na Samweli alipomfuata akasema watu ndio waliowaacha, tena kwa ajili ya kumtolea Bwana dhabihu. Alipobanwa zaidi akakiri: "Nimekosa." Kisha hapo hapo akaongeza: "lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu" (1 Samweli 15:30). Daudi naye aliendewa na Nathani baada ya kumtwaa mke wa Uria na kumuua mumewe vitani. Nathani alipomwambia "Wewe ndiwe mtu huyo", Daudi alijibu, "Nimemfanyia BWANA dhambi" (2 Samweli 12:13), akanyamaza. Hakutaja uzuri wa Bathsheba, hakutaja uchovu wa vita, hakuuliza wazee watamwonaje. Ukizipima dhambi zao kwa mizani yetu, ya Daudi ilikuwa nzito kuliko ya Sauli. Kilichowatenganisha ni kwamba Sauli alipokuwa akiungama, jicho lake moja lilikuwa kwenye cheo.

Sasa uliza jina gani linalolindwa katika ushauri uliopewa. Jina la Yesu lilitundikwa katikati ya wanyang'anyi wawili na halikuchafuka. Linalohofiwa hapa ni jina lako, na pengine la mchungaji wako aliyekwisha kukuhesabu katika taarifa ya mkutano. Simlaumu sana, ni kazi inayotutia kishawishi cha kupenda ushuhuda mzuri uliokamilika.

Andiko alilokupa ni la kweli, Mika 7:19. Ni neno la faraja kubwa, nami nimelisoma kando ya vitanda vya wagonjwa wengi. Lakini linasema kuhusu Mungu na deni lako kwake. Cherehani ya mama huyo haimo vilindini mwa bahari. Imo nyumbani kwa mtu aliyeinunua, inashona, na mama mwenyewe ameitwa mwongo mbele ya watu 24 kwa sababu ya kalamu yako.

Utaniambia: Mchungaji, basi tunaokolewa kwa kulipa? La. Mimi ni Mlutheri, na kanisa letu lilizaliwa katika ugomvi huu huu. Mwaka 1517, tarehe 31 Oktoba, Martin Luther alitoa hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya msamaha, watu walipoaminishwa kwamba sarafu ikilia sandukuni mambo yamekwisha. Hoja yake ya kwanza kabisa ilisema kwamba Bwana wetu Yesu Kristo aliposema "Tubuni", alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Maisha yote, si jioni moja uwanjani. Wala huwezi kununua kwa shilingi 1,400,000 kile ambacho hakiuzwi. Tazama mpangilio wa habari ya Zakayo. Yesu alisimama chini ya mkuyu Yeriko akamwita kwa jina, akamwambia leo imempasa kushinda nyumbani mwake, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Neema ilitangulia. Na katika Luka 19 yote hakuna mahali Yesu anapomwambia Zakayo arudishe chochote. Zakayo mwenyewe, mgeni akiwa bado nyumbani, alisimama akasema nusu ya mali anawapa maskini, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne". Kwa sababu alikwisha kupokelewa, mali ilimlegea mkononi. Ndugu, wewe umepokelewa, nami sitaki kukunyang'anya hilo. Ila mkono bado umefumba.

Huku kwetu habari hii ina historia. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Kutoka kwao na wenzao ukakua Uamsho ambao mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshavuka mpaka na kuingia Kagera. Walokole, ndivyo walivyoitwa, walikuwa na mambo yao ya kuchosha, nami nitayataja hapa chini, lakini hakuna aliyewahi kuwashinda katika kurudisha. Askofu wetu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani kati ya 1977 na 1984, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Nami nilimwona mmoja wao kwa macho yangu, nikiwa mtoto. Jioni moja alikuja jirani wa kilima cha pili, koti refu, miguu ina matope. Alikataa kiti. Akatoa jembe lililofungwa kwa majani ya mgomba, akamwambia baba, "Hili ni lako. Nililichukua shambani kwako ukiwa kwenye msiba." Baba hakuwa mlokole na hakuwapenda. Alilifungua, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Limechakaa." Yule bwana akajibu, "Ndiyo, nimelilimia sana," akafungua koti akatoa jembe la pili, jipya, bado lina karatasi ya dukani. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita mama alete kahawa. Hawakuwa marafiki baada ya hapo, msinielewe vibaya. Lakini baba aliacha kuwacheka walokole.

Jembe la pili ndilo agizo la Walawi 6: aliyedhulumu arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake ya hatia kwa Bwana. Kwa hesabu yako sehemu ya tano ni 280,000, jumla 1,680,000. Sikuwekei Torati shingoni. Nakupa mahali pa kuanzia kwa sababu najua utataka kupunguza.

Fanya hivi. Chukua simu na daftari, uandike karatasi moja: tarehe, jina, kiasi kilichotumwa, kiasi ulichoandika. Kama ujumbe wa miamala umefutika, omba taarifa kwa kampuni ya simu. Usikisie jumla, "kama 1,400,000" si neno la katibu. Mwambie mkeo kabla hajasikia kisimani. Kisha nenda kwa mama huyo, usiende peke yako, nenda na mtu mzima anayemheshimu, umwambie mambo matatu tu: ulilipa, mimi niliandika uongo, nitaliambia kundi lote. Usimwambie umeokoka. Usimwombe akusamehe siku hiyo. Akikufukuza, ondoka. Kisha mwendee mwenyekiti na karatasi yako, uombe kikao. Mama huyo aliitwa mwongo kikaoni, kwa hiyo atasafishwa kikaoni, na kwa sauti ile ile uliyotumia kusoma deni lake. Cherehani utanunua, mbali na zile fedha, na kama alitozwa faini utairudisha.

Utaondolewa ukatibu, na ndivyo inavyopasa. Wanaweza kukupa muda wa kulipa, wanaweza kukupeleka polisi. Ni fedha zao na ni haki yao, na wewe hutasema "mbona nimekuja mwenyewe". Hapo ndipo mahali pa Daudi. Nathani alimwambia amesamehewa, na katika pumzi ile ile akamwambia yatakayompata. Daudi hakudai kwamba msamaha ufute matokeo.

Kuhusu amani, sikuahidi itakuja siku ya kikao. Wengine huipata njiani wakienda, wengine baada ya awamu ya mwisho ya malipo. Lakini kukosa kwako usingizi kusikutishe. Mungu asingekusumbua kama angekuwa amekuacha.

*Tumsifu Yesu Kristo. Baba Mchungaji, mimi ni Mkatoliki lakini gazeti tunasoma wote. Tatizo langu ni kwamba silii. Wenzangu wakiungama wanatoka na macho mekundu. Mimi nasema dhambi zangu, nafanya kitubio nilichopewa, nakwenda zangu sokoni. Je, moyo wangu ni mgumu? — Mwanafunzi wa ualimu, Bukoba*

Milele amina. Sala yenu ya kutubu, ambayo bibi jirani yetu alikuwa akiisema kwa sauti mpaka nami nikaikariri, ina maneno "basi sitaki kukosa tena, nitafanya kitubio". Haina neno lolote kuhusu kulia. Petro alilia kwa majonzi, kweli. Zakayo alimkaribisha Bwana kwa furaha, na hakuna aliyeandika kwamba alitoa hata chozi. Aliyeumia kuliko wote pengine ni Yuda: alijuta, akakiri kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia, akarudisha vipande vyote 30 vya fedha. Lakini majuto yake aliyapeleka kwa makuhani, wakamwambia hayo ni yako, akatoka akaenda zake peke yake. Petro, mwenye aibu ile ile, alibaki na wenzake hata Bwana akamkuta ufukoni. Paulo anazitaja huzuni mbili, ya jinsi ya Mungu na ya dunia (2 Wakorintho 7:10), na zote mbili zinaweza kulowesha leso.

Kwa hiyo nenda zako sokoni. Ila ukifika, kama katika dhambi ulizoungama mna mama muuza ndizi uliyemdanganya chenji, pitia kwake kwanza.

*Shikamoo Mchungaji. Mume wangu akilewa ananipiga. Asubuhi anapiga magoti, analia, anaomba toba, siku nyingine anamwita mzee wa kanisa ashuhudie. Baada ya mwezi anarudia. Safari hii nimekimbilia kwa dada yangu na watoto. Mama mkwe ananiambia Yesu alisema samehe saba mara sabini, na nisiporudi nitakuwa ndiye mwenye dhambi. Nifanyeje? — Mama wa Watatu, Biharamulo*

Marahaba, mama. Kaa hapo hapo kwa dada yako.

Nimeanza na hilo ili usilikose. Sasa tuzungumze. Saba mara sabini ni neno la Bwana na sitalipunguza. Lakini Bwana huyo huyo, katika Luka 17, alisema: ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Mama mkwe ameruka maneno mawili ya katikati. Na hata ukimsamehe kabisa, ukamwondolea kinyongo, ukamwombea usiku na mchana, hakuna andiko linalosema mwenye kusamehe arudi kulala mahali anapopigwa. Msamaha ni wa moyo wako, unaweza kumpa ukiwa kwa dada yako.

Unataka kujua kama safari hii ametubu? Usimtazame akiwa amepiga magoti; magoti yake umeshayajua. Mtazame ukimwambia "bado". Mwambie, kwa mdomo wa mzee wa kanisa na si uso kwa uso, kwamba hutarudi mwezi huu wala ujao, kwamba aache pombe kwanza na watu wamwone ameacha, kwamba akiri mbele ya wazazi wako alichokufanyia bila kusema "tuligombana". Aliyetubu atasema: una haki, nitangoja. Ambaye hajatubu atakasirika. Ataanza kuhesabu machozi aliyokwisha kulia kama mtu aliyelipa na hajapewa mzigo wake, atakutumia maandiko, atamtuma mama yake. Nimekaa na ndoa za namna hii miaka mingi, na kipimo hiki mara chache kimenidanganya: anayetubu hadai.

Na huyo mzee wa kanisa anayeitwa asubuhi kushuhudia magoti, namwomba kama anasoma hapa, aulize siku nyingine kwa nini hakuitwa usiku.

Mama, kwenye kituo cha polisi cha wilaya kuna dawati la jinsia na watoto. Kwenda huko si kukosa imani. Kama una majeraha, chukua hapo polisi fomu ya matibabu, PF3, utibiwe na iandikwe. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari, "sisi nasi tufanye nini?", hakuwaambia walie. Aliwaambia wasidhulumu mtu (Luka 3:14). Polisi nao wana sehemu yao katika toba ya mumeo, hata kama haitaki.

*Mchungaji shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, nilizaa bila ndoa. Ili mtoto wangu abatizwe nimeambiwa nirudi kundini, yaani nisimame mbele ya usharika Jumapili nikiri. Baba wa mtoto anajulikana, anaimba besi kwaya kuu, hajaambiwa kitu. Mimi nilishatubu mbele za Mungu, tena kwa moyo. Je, toba yangu haihesabiki mpaka nisimame? — Binti, Karagwe*

Marahaba binti yangu. Inahesabiwa. Ilihesabiwa siku ile ile.

Sasa nikueleze utaratibu huu ulitoka wapi, ili usidhani ni uonevu mtupu. Kanisa la karne za kwanza lilikuwa na watu waliotubu hadharani kwa makosa mazito yaliyotikisa usharika mzima, kama kumkana Kristo wakati wa mateso, kuua, au uzinzi. Walitengwa na meza ya Bwana kwa muda, kisha wakarudishwa mbele ya wote, na siku ya kurudishwa ilikuwa sikukuu. Wazo lenyewe ni zuri: aliyewaumiza wote azungumze na wote, na wote wampokee. Kukiri kwako kuwe na upana wa madhara yako. Hapo ndipo walokole wetu walipokosea nyakati nyingine. Mtu alisimama katika mkutano akakiri zinaa aliyofanya na mke wa fulani, akamtaja, akakaa chini akijisikia mwepesi kama unyoya, na yule mama akarudi nyumbani akiwa na talaka. Huyo alitua mzigo wake juu ya kichwa cha mwingine.

Swali langu kwa wazee wenu ni fupi. Usharika huo binti huyu aliuumizaje? Nani alikosa chakula, nani aliitwa mwongo? Kama jibu ni kwamba watu wamekwazika, basi wamekwazwa na watu wawili. Torati yenyewe ilisema wote wawili (Walawi 20:10), na wale waliomleta mwanamke kwa Yesu katika Yohana 8 wakasema amefumaniwa katika tendo lenyewe walikuwa, kwa ajabu ya Mungu, wamempoteza mwanamume njiani. Yesu hakuwauliza aliko, lakini mimi nimezeeka na nina haki ya kuuliza: yuko sauti ya ngapi?

Nenda kwa mchungaji wako pamoja na mama yako au shangazi. Mwambie uko tayari kuzungumza naye ofisini, na uko tayari kusimama siku ambayo na mwenzako atasimama, au kutosimama kama na yeye hasimami. Sema kwa heshima, bila kulia. Na kuhusu ubatizo, maoni yangu ni kwamba mtoto hajafanya kosa lolote la kungojeshwa. Wapo wachungaji wenzangu wasiokubaliana nami katika hili. Tumeshabishana sana, tukanywa chai, tukabishana tena.

Yule wa besi simwandikii, kwa kuwa hakuniandikia. Ila kama anajua kusoma nota, anajua na kusoma gazeti.

*Bwana asifiwe. Mchungaji mimi ni mfanyabiashara. Msimu uliopita nilinunua kahawa kwa butura kwa familia tatu zilizokuwa na shida, moja ilikuwa na mgonjwa. Faida ilikuwa nzuri mno na dhamiri inanisuta. Kanisa letu linaezeka, nataka nitoe bati zote. Je, hiyo itakuwa toba inayokubalika? — Mfanyabiashara, Kyerwa*

Kwa wasomaji wa mbali: butura ni kununua kahawa ikiwa bado shambani, mara nyingine ikiwa ua tu, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwenye shamba ana shida leo na mavuno ni ya miezi ijayo. Serikali imeikataza miaka mingi na bado ipo, kwa kuwa shida ipo.

Kijana wangu, dhamiri yako ni nzima, mshukuru Mungu. Watoza ushuru walipomuuliza Yohana wafanye nini, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa; naye alikuwa anazungumza na watu ambao faida yao yote ilikaa katika hiyo "zaidi". Kwa hiyo jambo lako Biblia inalijua kwa karibu.

Lakini bati hapana. Siyo kwanza. Kanisa halikukuuzia kahawa. Ukiezeka kanisa kwa tofauti ya familia tatu, Jumapili watakaa chini ya bati lao wenyewe wakisikia wewe unashukuriwa kwenye matangazo, na mgonjwa wao pengine amekwisha kuzikwa. Bwana alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza upatane naye (Mathayo 5:23-24). Kuiacha sadaka hapo maana yake hata fundi aambiwe asubiri.

Chukua daftari la msimu uliopita. Kwa kila familia andika kilo ulizochuma, bei ambayo chama cha msingi cha ushirika kililipa msimu huo, toa ulichowapa mapema na gharama halisi za kuchuma na kusafirisha, na usijipangie mshahara katika hesabu hiyo. Inayobaki ni yao. Uipeleke mkononi kwa mwenye shamba, mkewe akiwepo, maana mara nyingi yeye ndiye aliyepalilia. Kwa familia yenye mgonjwa, uliza kwanza hali ya mgonjwa, na ukae usikilize jibu hata likiwa refu.

Kama mmoja wao amekwisha kukuuzia na msimu ujao, mrudishie shamba. Mwambie utamsubiri akulipe mkopo wake baada ya mavuno, bila nyongeza. Ukimaliza hayo niandikie tena tuzungumze habari za bati, na unitajie ni geji ngapi, maana hizi nyembamba zinazouzwa siku hizi upepo wa ziwani unazibeba.